Hukumu Yangu Iliyotenguliwa

Wiki iliyopita hakimu mmoja aliyeteuliwa kuwa jaji aliniandikia akiuliza ajihadhari na nini zaidi, nami nimeona afadhali nimjibu hadharani, maana najua wengi wenu mnakitamani kiti hicho kama nilivyokitamani mimi.

Katika mwaka wangu wa tatu wa ujaji, mahakama ya rufaa ilitengua hukumu yangu ya kurasa 94. Haikusema kwamba nilikosea sheria, na hadi leo naamini sikukosea. Ilisema sikustahili kulisikiliza shauri lile, kwa sababu miaka sita kabla yake nilikuwa mjumbe wa bodi ya taasisi ya hisani iliyofadhiliwa na mdai, nami sikuwaeleza wahusika. Sikuficha; nililiona jambo dogo mno kutajwa. Wakili wa mdaiwa aliligundua baada ya hukumu, akaandika katika hoja zake za rufaa kwamba kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani. Sentensi hiyo ninaikumbuka neno kwa neno.

Nilijifariji kwa kusoma yaliyowapata wakubwa wangu. Mwaka 1852, Lord Cottenham wa Uingereza alitenguliwa uamuzi kwa kuwa alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji iliyokuwa mbele yake, ingawa waliomtengua walikiri kwamba hakuna aliyedhani hisa hizo zilimyumbisha. Mwaka 1998, hukohuko Uingereza, uamuzi kuhusu Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, ulifutwa kwa sababu Lord Hoffmann, mmoja wa majaji watano waliousikiliza, alikuwa mkurugenzi wa chombo cha hisani cha Amnesty International, shirika la haki za binadamu lililoruhusiwa kutoa hoja katika shauri hilohilo, na ikabidi jopo la majaji saba lianze upya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tangaza mapema. Kabla ya shahidi wa kwanza, soma majina yote yaliyomo katika jalada, na ukiona jina linalokugusa, liseme mbele ya pande zote mbili, wape nafasi ya kujibu, kisha toa uamuzi wenye sababu na uhakikishe umeingia katika mwenendo wa kesi. Simaanishi ujitoe katika kesi kila unapoombwa, kwani wapo mawakili wanaotumia ombi hilo kujichagulia jaji, na anayewakubalia bila sababu naye ameikimbia kazi aliyoapa kuifanya. Lakini usijipime kwa dhamiri yako, kwa maana dhamiri yako haionekani na anayeshindwa. Jipime kwa macho ya mtu mwenye busara aliyekaa nyuma ya chumba cha mahakama, asiyekujua wala kukuchukia. Kanuni za Bangalore za mwaka 2002, yaani kanuni za kimataifa za maadili ya majaji, zinataka kutopendelea kuonekane katika njia ya kuufikia uamuzi, si katika uamuzi peke yake. Nami nilikuwa nimezisoma! Tangaza mapema, hata kama utaonekana mwoga.

Jaji mwenzangu aliyelisikiliza shauri upya alifikia uamuzi uleule wangu, miezi 26 baadaye. Mdai alikuwa amekwisha kufariki.