Scopus kuwa chini ya Google Scholar si udanganyifu

Kuna wanaodai kwamba profesa mmoja wa sayansi ya ubongo amejiongezea h-indeksi (kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wengine), kwa kuwa Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, inampa namba ndogo kuliko Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma. Hapana, hajajiongezea chochote. Google Scholar huhesabu karibu kila kitu inachokikuta mtandaoni: tasnifu, ripoti, vitabu, hata makala ambazo hazijapita kwa wahakiki. Scopus huhesabu majarida na machapisho iliyoyachuja yenyewe, kwa hiyo h-indeksi yake karibu kila mara huwa ndogo. Niko maktaba ya chuo hapa Nairobi na walimu wanaoomba kupandishwa cheo huniletea ubishi huu huu.

Na h-indeksi ya 30 si kwamba mtu ameandika makala 30 tu, kama wengine wanavyodhani. Ni kwamba anazo makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30. Ndivyo Jorge Hirsch, mwanafizikia, alivyoipendekeza mwaka 2005. Makala moja ikinukuliwa mara elfu tano haiipandishi zaidi ya ile iliyonukuliwa mara 30.

Ila fungua wasifu wa profesa huyo wa Google Scholar usome vichwa vya makala. J. Mwangi wa ubongo anaweza kubebeshwa makala za J. Mwangi wa magonjwa ya mahindi, na mwenyewe asijue (au ajue anyamaze). Pia msimlinganishe na mtu wa hisabati. Sayansi ya ubongo hunukuliana sana, hasa makala za mbinu. Karl Friston wa London ana h inayopita 200, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni mbinu zake za kuchambua picha za ubongo.