Kupanga Zana za Seremala Ukutani

Sanduku la zana ni kitu cha safari. Seremala anayekwenda kupachika milango katika nyumba ya mteja hawezi kulikosa, lakini ndani ya karakana, ambako zana zilezile huchukuliwa na kurudishwa kutwa nzima, sanduku huharibu kuliko linavyohifadhi. Patasi hulala juu ya tupa, meno ya msumeno hugongana na kichwa cha nyundo, na makali yaliyotafutwa kwa subira kwenye jiwe la kunolea hupotea kabla hayajagusa mbao. Kwa sababu hiyo nimeshika kanuni moja katika karakana yangu: kila zana ya mkono inayotumika kila siku ikae ukutani, ionekane, na ichukuliwe kwa mkono mmoja bila kusogeza nyingine. Ukipima kila uamuzi kwa kanuni hiyo, mengi yanayobaki katika kazi hii yatajipanga yenyewe.

Jambo la kwanza ni ukuta wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ninafanya kazi Tanga, mji ambao hewa yake ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Chuma kikibanwa kati ya ubao na ukuta uliofyonza maji hushika kutu haraka sana. Usichague ukuta unaopakana na bafu, wala ule unaopigwa na mvua za masika zinazokuja na upepo wa kusi. Hata ukuta mkavu usiutundikie ubao moja kwa moja. Tanguliza papi, yaani vipande vyembamba na virefu vya mbao, zenye unene wa milimita 25, uzisimamishe wima, ndipo ubao uje juu yake, ili hewa iingie chini, ipande nyuma ya ubao na kutokea juu. Ukilaza papi hizo, unaifungia hewa hiyo njia. Nafasi hiyo ya nyuma pia hukuwezesha kumulika kwa tochi na kuona kama mchwa wameanza kujenga, jambo ambalo ubao uliogandamizwa ukutani hulificha mpaka siku unapolika.

Kwa ubao, ninapendekeza plaiwudi ya milimita 18. Mbao laini kama ya msonobari hufaa pia, mradi iwe kavu na isiwe imetiwa dawa ya kijani inayotumiwa kwa mbao za kuezekea, kwa maana dawa hiyo huwa na shaba, na shaba katika mbao yenye unyevu huharakisha kutu ya chuma kinachoigusa. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi uuache kabisa ukiwa pwani, kwa sababu huvimba na skrubu hulegea. Plaiwudi huuzwa kwa kipande cha futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440. Ukikipasua katikati kwa urefu, utapata vipande viwili vyenye kimo cha takriban milimita 610, na kimoja kinatosha zana za fundi mmoja pamoja na nafasi ya zile atakazonunua baadaye.

Meza yangu ya kazi ina kimo cha sentimita 85, na ubao unaanza sentimita 30 juu yake, ili kazi iliyosimamishwa mezani isigonge zana. Ukingo wa juu wa ubao, kwa hesabu hiyo, unafika karibu na utosi wa mtu wa kimo cha kawaida. Mtu mfupi aushushe. Mkono usilazimike kunyooshwa juu ya kichwa kuifuata zana yenye makali.

Katika kufunga papi, misumari ya zege haitoshi, kwani mzigo unaovutwa kila siku huing'oa polepole. Kwa ukuta wa tofali za saruji, toboa mashimo ya milimita 8, tia plagi za plastiki ambazo wengi wetu huziita fisha, kisha tumia skrubu za milimita 5 zenye urefu wa milimita 80. Skrubu hiyo ikishapita papi na plasta, bado kama milimita 40 zitashika ndani ya tofali, na hapo ndipo penye nguvu, maana plasta peke yake haibebi kitu. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa zinataka upole zaidi: toboa bila mtambo wa kugonga, tafuta mahali penye jiwe, na tumia plagi ndefu. Papi 5 zilizoachana kama sentimita 60 zinatosha ubao wa milimita 2440. Ubao ufunge kwenye papi kwa skrubu za milimita 35, zisizoweza kutokea upande wa pili.

Kabla ya kutoboa ubao kwa ajili ya zana, ulaze sakafuni na uzipange zana zote juu yake. Kazi hii isifanywe kwa haraka. Zinazotumika pamoja zikae pamoja: skwea, penseli na kifaa cha kuchora mistari karibu na mahali unaposimama, patasi na nyundo ya mti upande wa mkono unaoutumia zaidi, misumeno pembeni kwa sababu ya urefu wake. Zana nzito ziende chini. Acha theluthi ya ubao wazi, hata kama moyo unakusukuma kuujaza.

Randa za chuma ndizo zinazostahili uangalifu mkubwa kuliko zote. Randa ya kati ya inchi 14 ina uzito wa kilo 2 na zaidi, na ikianguka kwenye saruji mwili wake wa chuma cha kalibu hupasuka. Sipendi kuzitundika kwa kulabu. Ninazijengea kitanda cha mshazari: kipande cha mbao kinachoegemea ubao, chini yake kikiwa kimejitokeza mbele kidogo, chenye ukingo imara wa kuzuia pua ya randa, na papi nyembamba za kutenganisha randa moja na nyingine. Mahali pua inapolala gongomea kijiti cha unene wa milimita 5 au 6, ili tumbo la randa liinuke kidogo na ulimi wake, yaani bapa lenye makali, usiguse mbao.

Patasi hazihitaji ufundi mwingi. Chukua papi mbili ndefu, ziunganishe kwa vipande vidogo kwenye ncha na katikati, ukiacha mwanya unaozidi shingo ya patasi yako nene kwa milimita 2, kisha zifunge ubaoni. Chuma kitapita, mpini utakwama juu. Mbele ya ncha za patasi weka ubao mwembamba wa kukinga vidole, au kipande cha plastiki angavu ukitaka kuona upana wa kila patasi. Wapo wanaong'oa sumaku za spika mbovu na kuzinasishia patasi humo. Mimi sishauri, kwa kuwa patasi hupata usumaku na kuanza kuvuta chembe za chuma, nazo huishia kwenye jiwe la kunolea.

Misumeno itundike kwa tundu la mpini kwenye kigingi cha mbao kilichoinuka kidogo mbele, meno yakitazama upande usiopitwa na watu. Bisibisi na tupa zinatosheka na ubao mwembamba uliotobolewa mashimo, ila tupa zisigusane. Keekee na pimamaji ni za kigingi tu.

Ukiwa na vijana unaowafundisha kazi, chora umbo la kila zana kwa rangi nyuma ya mahali pake. Jioni hakuna haja ya kuhesabu wala kumhoji mtu: umbo lililo wazi linaonyesha kilichobaki chini ya maranda au kilichosahaulika kwa mteja. Nimeona pia kwamba kijana mgeni hujifunza majina ya zana haraka zaidi zikiwa mbele ya macho yake.

Mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa masika, pangusa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu mengi hukauka yakawa gundi inayoshika vumbi. Mvua zikiisha, kaza skrubu za papi moja baada ya nyingine, na ile inayozunguka bila kushika itoe, ubadilishe plagi yake kwa nene zaidi kabla ya kurudisha randa kitandani.