Mshahara ukiingia haukai: nihame benki vipi?

Shangazi,
Naishi Birmingham, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Akaunti yangu iko chini ya sifuri kwa paundi 900, na kadi ya mkopo ya benki hiyohiyo sijailipa miezi miwili. Mshahara ukiingia haukai. Rafiki yangu ananiambia nibonyeze tu huduma ya kuhamisha akaunti. Nibonyeze?
Mama wa Wawili

Mwanangu,
Usibonyeze. Huduma ile ya siku 7 za kazi huifunga akaunti ya zamani, na overdrafti, yaani deni la akaunti iliyo chini ya sifuri, lazima ipatiwe mpango kwanza. Wewe fungua akaunti nyingine, ya zamani ibaki wazi.

Mshahara ukiingia kwenye akaunti iliyo chini ya sifuri, unaanza kulipa overdrafti. Kikomo cha overdrafti kikiwepo bado, unaweza kuzitoa tena pesa hizo. Benki ikikiondoa, hupati kitu. Na hata ukivuka sifuri, benki za Uingereza zina haki ya kuchukua pesa zako kufidia kadi au mkopo wa benki hiyohiyo uliochelewesha. Zinatakiwa zikuachie za kodi ya nyumba na chakula, lakini benki haijui mahitaji yako mpaka uiambie.

Chagua benki usiyodaiwa nayo, wala na ndugu zake. Lloyds, Halifax na Bank of Scotland ni kundi moja. Vivyo hivyo NatWest na Royal Bank of Scotland, na HSBC na First Direct. Omba kwa jina lake: basic bank account, akaunti ya msingi. Haina overdrafti, na benki kubwa haziwezi kukunyima kwa sababu tu ya rekodi mbaya ya mikopo. Wakikupa fomu ya akaunti nyingine, rudia jina hilo bila aibu.

Kadi ikifika, jitumie paundi 1 uone inaingia. Kisha mwandikie karani wa mishahara namba mpya na umuulize tarehe anayofunga orodha ya mwezi. Hapo ndipo wengi wanapokwama: orodha imeshafungwa, mshahara unarudi kulekule. Likikukuta hilo, iandikie benki ya zamani kabla pesa hazijaingia. Taja tarehe na kiasi cha mshahara, kisha uorodheshe zitumike wapi: kodi ya nyumba kiasi fulani, kodi ya halmashauri kiasi fulani, umeme kiasi fulani. Una haki ya kuelekeza hivyo, ila ni kwa mshahara huo mmoja tu, na barua inayofika baada ya pesa kuingia haisaidii. Tunza nakala.

Kwa Universal Credit, msaada wa serikali, badilisha namba ya benki kupitia akaunti yako ya msaada huo mtandaoni. Child Benefit, posho ya watoto, ni ya HMRC, mamlaka ya kodi, uwaambie nao kando. Wazazi wengi huisahau.

Sasa malipo yanayotoka. Chukua taarifa za benki za miezi 13, maana bima ya mwaka haionekani kwenye za miezi 3. Anza na kodi ya nyumba, halmashauri, gesi na umeme. Direct Debit, ruhusa uliyoipa kampuni ikukate kwenye akaunti, hubadilishwa kwa kampuni hiyo. Ukishaona imekata akaunti mpya, ndipo uifute kwenye ya zamani. Ukitanguliza kufuta, kodi italala bila kulipwa. Makato ya namba ya kadi, kama ya mikopo ya haraka, hayaonekani kwenye orodha ya Direct Debit. Iambie benki iyasimamishe, mwisho siku moja kabla. Haiwezi kukuambia uanze na kampuni.

Deni bado ni lako, mwanangu, usilikimbie. Mshahara ukishakuwa salama, pigia mashirika ya ushauri wa madeni, StepChange au National Debtline, hawatozi chochote. Mshauri anaweza kukuombea Breathing Space: kwa siku 60, England na Wales, riba na ada nyingi husimama, na wadai hawaruhusiwi kukusumbua kwa madeni yaliyomo. Ukipanga malipo na wadai, toa kiasi kinachobaki baada ya nyumba na watoto, hata kama ni paundi 10.