Maswali na majibu: Blogu yangu ya vitabu imekuwa nzito na linki zimekufa, nihame?

SWALI: Habari fundi. Nina blogu ya kuchambua vitabu, nipo Blogger tangu 2021, naandika kwa kujifurahisha tu mara moja au mbili kwa mwezi, mpaka sasa zimefika posti 63. Kwenye simu inafunguka taratibu sana mpaka watu wananilalamikia. Halafu kuna posti kama kumi nilizibadilisha linki ili zipendeze, sasa mtu akibonyeza ile ya zamani anaambiwa ukurasa haupo. Rafiki yangu ananiambia Blogger imeshapitwa na wakati, nihamie WordPress nilipie hosting yangu mwenyewe. Mi sio mtu wa kompyuta kivile. Nifanyeje? Ni mimi, Dada Mpenda Riwaya.

JIBU: Salama dada yangu. Usihame. Nakwambia mapema kabla hujaanza kulipia hosting (seva ya kukodi ya kuwekea blogu), maana hayo mawili unayolalamikia hayakuletwa na Blogger, na ukihama utayafunga kwenye mzigo uende nayo vilevile, tena huko utakuta na mengine yanakusubiri. Mi kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu, WordPress naishika kila siku na blogu yangu mwenyewe ya vitabu ipo huko, kwa hiyo siisemi vibaya. Ila WordPress ya kujihosti mwenyewe ni kama kufuga: plagini, yaani vile vinyongeza vyake, inataka apdeti, themu ya muonekano nayo, halafu siku moja seva inapandishwa toleo la PHP (lugha inayoiendesha WordPress) unafungua blogu unakuta ukurasa mweupe hauna hata nukta. Mimi hiyo ni kazi yangu naweza kukaa nayo, wewe unayeandika mara mbili kwa mwezi jioni yako moja ikiishia hapo basi ujue kitabu hakijasomwa.

Tuanze na uzito. Niliifungua kwa simu ile linki uliyonitumia, posti ina picha nne, jalada, kitabu kikiwa mezani, ukurasa uliopigia mstari na ule mpangilio wa rafu. Nzuri kweli, ila kila moja ina karibu megabaiti 4, yaani msomaji wako anavuta megabaiti 16 kwa ajili ya maneno mia sita. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli kama 4000, wakati sehemu ya maandishi ya blogu yako haifiki hata 800. Zile zote zinazobaki msomaji anazilipia bando na wala hazioni.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani, na huna haja ya kupandisha picha upya. Fungua posti kwenye kihariri, bonyeza picha, chagua ukubwa. Wewe umeweka ule wa asili, ndo maana inaletwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Chagua mkubwa wa kawaida, Blogger yenyewe itakata kopi ndogo iilete hiyo. Anza na zile posti kumi zinazosomwa zaidi, nyingine utazifikia taratibu ukiwa unasubiri chai ichemke. Halafu ingia kwenye mipangilio, upande wa posti, kuna swichi mbili, moja inafanya picha isiletwe mpaka msomaji ashuke hadi ilipo, nyingine inazituma picha kwa WebP, aina ya faili la picha ambayo ni nyepesi kuliko JPEG ya kawaida. Washa zote. Hapohapo punguza idadi ya posti zinazotokea ukurasa wa mbele, naona umeweka kumi na tano na zote zinajimwaga nzima nzima, weka tano na kila moja uikate baada ya aya ya kwanza kwa ile alama ya kukatia posti.

Na zile saa, kaunta ya wageni, na hayo maua yanayodondoka juu ya skrini, toa tu dada yangu. Kila kimoja kinaita skripti kutoka seva ya watu wengine, na ile seva ikilala na wewe unakokotwa.

Kuanzia sasa picha mpya punguza kabla ya kupandisha, upana pikseli 1200 na ubora wa JPEG asilimia 75 hadi 80, utapata kilobaiti mia mbili hivi na hakuna atakayeona tofauti. Kuna jambo jingine la picha ambalo wengi hawalijui: kama kamera ya simu imeruhusiwa kurekodi mahali, ile picha ya kitabu mezani kwako inabeba ndani yake vipimo vya mahali ulipopigia. Zima hiyo ruhusa kwenye kamera, maana unaweza kumwonyesha mtu riwaya kumbe umemwelekeza mpaka mlangoni.

Sasa linki. Ulichofanya ni kurudisha posti kuwa rasimu, ukabadilisha linki, ukachapisha tena. Ya zamani ikafa hapo hapo, kwa sababu Blogger haikumbuki jina la kwanza yenyewe, mpaka uiambie. Kwenye mipangilio shuka mpaka sehemu ya makosa na uelekezaji, kuna mahali pa kuweka uelekezaji wako mwenyewe. Unaandika ya zamani na mpya, lakini sio anwani nzima, ni kile kipande kinachoanza na mkwaju baada ya jina la blogu, mfano /2022/03/riwaya-ya-mwezi.html, halafu unatia tiki kwamba ni ya kudumu ili Google nayo ihamishe kumbukumbu zake. Wengi wanakwama kwa sababu wamebandika na ile https yote. Kama zile linki za zamani huzikumbuki zote, ingia Search Console, huduma ya Google ya wenye tovuti ambayo ni bure, kuna orodha ya kurasa ambazo Google ilizitafuta ikazikosa. Pia pekua zile meseji zako ulizowahi kuwatumia watu.

Baada ya hapo linki usiziguse tena. Hata kama ina kosa la herufi, iache na kosa lake. Kichwa cha posti badilisha unavyotaka, kwenye Blogger kichwa kikibadilika baada ya kuchapisha linki inabaki ileile. Na ule mwaka na mwezi unaokukera mle ndani hautoki, Blogger ndo ilivyoumbwa, wala msomaji hausomi.

Kama una kiasi kidogo cha kutoa kwa mwaka, toa kwa ajili ya domeini, yaani anwani yenye jina lako mwenyewe badala ya ile ya blogspot. Hicho ndo kitu pekee ningekushauri ulipie. Blogger inakubali domeini yako bila kukutoza, we unamlipa tu aliyekusajilia, halafu anwani ya zamani ya blogspot inawaelekeza watu kwenye mpya bila wewe kufanya lolote. Utapewa rekodi mbili za CNAME (mistari inayosema domeini ielekee wapi) ukaziweke kwa msajili, moja inaelekea ghs.google.com na nyingine ni ya kuthibitisha kwamba domeini ni yako, zikope herufi kwa herufi. Anza na www, bila www huwa inagoma mpaka uiwashie uelekezaji wake, na ukimaliza washa HTTPS, ile ya usalama. Sajili kwa jina lako na imeli yako, sio ya rafiki aliyekusaidia, nimeshaona watu wamegombana na domeini ikaondoka na rafiki.

Faida ya domeini utaiona siku ukiamua kuhama kweli. Siku hiyo ikifika, WordPress unaweza kuipangia linki zifanane na za Blogger, mwaka, mwezi, jina, mpaka ile .html ya mwisho, kwa hiyo linki nyingi za zamani zitafika zilipokuwa zinafika. Nasema nyingi maana Blogger hukata majina marefu, itabidi uzipitie moja moja. Bila domeini yako huna pa kushikia.

Bakapu sasa, na hapa naomba unisikilize kwa sababu mimi mwenyewe niliungua. Nilipohama hosting mara ya kwanza nilitoa faili la XML, lile la kuhamishia blogu ya WordPress, nikaliona lina posti zote, nikafurahi, nikaacha ya zamani iishe muda wake. Naenda kuingiza kule kwenye mpya, maandishi yote yapo, picha hakuna hata moja. Kumbe faili la WordPress halibebi picha, linabeba anwani zake tu, na wakati wa kuingiza linaenda kuzichota kwenye tovuti ya zamani, ambayo mimi nilishaiacha ife. Majalada niliweza kuyatafuta tena. Picha za kurasa nilizoandika pembeni kwa penseli, kwenye vitabu ambavyo nilishavigawa, hizo ndo zilienda. Kwa hiyo wewe kila baada ya posti tano toa nakala ya blogu, na picha za asili ziweke kwenye foda moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje, kila picha ikiwa na jina la kitabu, sio IMG na manamba.

Hukuuliza kuhusu lebo ila nimeziona na siwezi kunyamaza. Posti 63, lebo 140. Kuna "riwaya", "Riwaya", "riwaya nzuri" na "riwaya niliyoipenda", na kila moja ni ukurasa wake wenye posti mbili au moja. Bakiza aina ya kitabu na mwandishi, basi. Halafu tengeneza ukurasa mmoja wa faharasa, waandishi kwa alfabeti na chini ya kila mmoja vitabu vyake ulivyochambua vikiwa na linki. Wageni wangu wengi wanaotoka Google wakishasoma posti moja wanaenda kwenye huo ukurasa, sio kwenye ukurasa wa mbele.

Hiyo faharasa utaitengeneza haraka kama una jedwali pembeni: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka wa toleo, ISBN (ile namba ya toleo iliyochapwa kwenye kitabu), tarehe uliyomaliza, linki. Kitu kimoja tu, ile safu ya ISBN ifanye iwe maandishi kabla hujaanza kujaza. Ukiiacha iwe namba, zile tarakimu 13 jedwali linazifupisha zinakuwa 9.78E+12, na vitabu vya kabla ya 2007 vyenye tarakimu 10 vikianza na sifuri ile sifuri inaliwa, achilia mbali vile vinavyoishia na X. Na usitumie ISBN kama kitambulisho cha kitabu chako, maana jalada gumu ina yake, jalada laini yake, na ya kielektroniki yake, utajikuta kitabu kimoja umekiorodhesha mara tatu. Inakusaidia kusema ni toleo gani ulilonukuu, kwa sababu ukurasa wa 112 wa toleo lako unaweza kuwa wa 97 kwa mwenzako.

Kuhusu kunukuu, usiogope ila usimwage. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwenye ibara ya 10 unaruhusu kunukuu kazi iliyokwishatolewa kwa umma ilimradi ni kwa haki, kwa kiasi kinachohitajika, na umtaje mwandishi na kazi yenyewe. Sentensi tatu unazozijadili ni nukuu, kurasa nne bila neno lako hata moja sio. Jalada nalo lina mwenyewe, liweke dogo ukilizungumzia, na usichote picha moja kwa moja kutoka seva ya duka, siku wakiibadilisha kwako linabaki boksi tupu. Yale maneno ya nyuma ya kitabu usiyabandike kabisa, yapo kwenye kila duka la mtandaoni na Google haina sababu ya kukuchagua wewe. Anza na sentensi yako. Ukipewa kitabu bure na mchapishaji, sema juu kabisa, kwa mstari mmoja.

Komenti za spamu kwenye posti za zamani, weka ukaguzi kwa zilizozidi siku 14, kuna mahali pake kwenye mipangilio ya komenti, zinasubiri wewe uziruhusu na wale wauza dawa wanachoka. Namba za watembeleaji usiziangalie kila siku, nyingi ni roboti, na nyingine ni wewe mwenyewe unaenda kuangalia kama kuna mtu ameingia (iambie Blogger isikuhesabu).

Kwa hiyo wiki hii fanya uelekezaji wa zile linki kumi, haifiki nusu saa. Picha za posti kumi wiki ijayo. Lebo zifanye siku umeme umekatika na laptopu ina chaji, maana ni kazi ya kuchosha kweli, mi zangu zilinichukua Jumapili mbili na katikati nikagundua kuna kitabu nilikichambua mara mbili kwa kusahau, mara ya kwanza nimekisifia, ya pili nimekiponda. Zote nimeziacha, nikaziunganisha kwa linki.