Historia tupu kwenye simu ya mwanangu

Kijana wa miaka 15 anashinda na simu tangu alasiri mpaka isha, na historia ya Chrome haina hata mstari mmoja. Mimi nilifurahi! Nikamwambia babake mtoto wetu hana mambo. Binti ya dadangu, aliyekuja Kisauni kututembelea kutoka Likoni, alicheka: "Khalati, huyo anatumia hali fiche."

Hali fiche ni lile dirisha jeusi la Chrome. Ukilifunga, simu haibaki na orodha ya kurasa wala kuki, vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu. Ila picha iliyopakuliwa hubaki, na kampuni ya laini au mwenye waifai bado anaweza kujua tovuti zilizofunguliwa. Mwanangu hakulijua hilo.

Badala ya kumuuliza, nilingoja alale nikamtilia programu ya upelelezi. Ilinitaka kwanza nizime Play Protect, yaani ulinzi wa simu yenyewe. Hapo ningeshtuka, sikushtuka. Simu ikawa moto, bando likawa halimalizi wiki, na meseji za mtoto wangu zikawa zinakwenda kwa watu nisiowajua. Siku ya nne akaigundua.

"Mama, si ungeniuliza tu?"

Wiki mbili alikula peke yake barazani. Nilipomfuata huko nikamwomba radhi, ndipo akaniambia: alikuwa akisoma habari za mwili wake, mambo aliyoona haya kutuuliza. Na mengine pia, ambayo siyaandiki hapa.

Mtoto mdogo, wa miaka 10 hivi, mwekee Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Huzima hali fiche kabisa. Kwenye iPhone, ukiwasha kizuizi cha tovuti za watu wazima, Safari, kivinjari chake, haifungui tena dirisha la faragha.

Huyu wangu tulikaa naye. Kwenye mipangilio ya mtandao ya simu yake ya Android kuna DNS ya faragha, yaani pa kuchagua huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti. Akaandika mwenyewe family.cloudflare-dns.com. Huzuia tovuti za ngono hata kwenye hali fiche, kwa waifai na kwa bando. Anaweza kuitoa, tena dakika moja tu, naye anajua kwamba najua. Usiku simu zote huchajiwa sebuleni, ya babake ikiwemo (huyo ndiye aliyenung'unika).

Juzi alikuja jikoni: ukurasa wa somo la sayansi umezuiwa. Nikafuta mikono unga, tukaufungua kwenye simu yangu.