Maswali ya Wasomaji: Krenki Inayogonga Usiichomelee

SWALI: Nina baiskeli ya Raleigh ya zamani niliyoachiwa na babu. Kila nikikanyaga pedeli ya kushoto inagonga, na krenki, ule mkono unaoshika pedeli, inacheza. Fundi wa mtaani kwetu anasema tuichomelee kwenye ekseli yake tumalize kazi. Nikubali? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Usikubali, ndugu yetu. Ekseli ile ilipewa ugumu kiwandani, na moto wa kuchomelea unauondoa ugumu huo jirani kabisa na njia ya gololi. Halafu ukishachomelea huwezi tena kufungua kupaka grisi. Gololi zikiisha itabidi ukate kwa msumeno, na hapo umepoteza ekseli na krenki kwa pamoja. Kinachogonga pengine ni kotapini, yaani pini ya chuma inayobana krenki kwenye ekseli, na bei yake ni ndogo.

Hakikisha kwanza. Weka krenki usawa wa ardhi, moja mbele na nyingine nyuma, ubonyeze pedeli zote mbili kwa nguvu. Zungusha nusu duara, bonyeza tena. Krenki moja ikishuka kidogo huku nyingine imetulia, ni kotapini. Zikicheza zote mbili pamoja kushoto na kulia, ugonjwa uko ndani, kwenye gololi na vikombe vinavyozibeba.

Kuitoa kotapini ndiko kunakoharibu baiskeli nyingi. Tia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache hadi asubuhi. Fungua nati, lakini iache imelingana na ncha ya pini ili kulinda thredi. Kisha simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, mdomo wake uikamate krenki kutoka chini na kichwa cha pini kiingie ndani ya bomba. Bila bomba hilo, pigo lote linapita kwenye gololi na kuacha vidonda ndani ya vikombe. Tumia nyundo ya kilo 1, upige pigo moja zito lililonyooka. Ukigongagonga kidogo kidogo, ncha ya pini inapanuka kama uyoga na haitoki tena. Ikifika hapo, kata ncha, toboa katikati ya pini kwa keekee ya milimita 5 au 6, halafu isukume nje kwa tindo butu. Pini ni laini kuliko krenki, kwa hiyo inatoboka.

Kwa kuwa umeshafungua, angalia na ndani. Upande wa kushoto fungua ringi ya kufungia, kisha kikombe chake, vyote kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina thredi za kushoto: kinafunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Mafundi wengi hukivunja kwa kukikaza wakidhani wanakifungua. Kikiwa kizima, kiache mahali pake; kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na ukimulike kwa tochi. Njia ya gololi ikiwa inang'aa na laini, kazi yake haijaisha. Ukihisi mashimo kwa ncha ya kalamu, lazima kitoke. Pitisha bolti nene ya milimita 16 kutoka ndani, weka washa na nati upande wa nje, na mtu akishike kichwa cha bolti kupitia upande wa kushoto. Kaza nati kufuata saa. Ikigota, kikombe kitazunguka nayo kikitoka.

Gololi ni za robo inchi, yaani milimita 6.35, 11 kila upande, jumla 22. Usikubali za milimita 6 kwa sababu tu zinafanana kwa macho, na usichanganye mpya na za zamani: mpya ni kubwa kidogo na zitabeba uzito wote peke yake. Jaza grisi kwenye kikombe, panga gololi, uone kama 11 zimeacha nafasi ndogo. Usiizibe nafasi hiyo kwa ya kumi na mbili, zitasagana. Upande mrefu wa ekseli ukae kwa cheni. Kaza kikombe cha kushoto hadi kishike, rudisha kidogo, kishikilie wakati unakaza ringi, kisha pima upya, maana ringi huwa inakisogeza. Ekseli izunguke kwa vidole bila kuchezacheza.

Kotapini nunua mbili zinazofanana. Za Raleigh ya Uingereza ni milimita 9.5, dukani utapewa pia za 9, na hizo ndizo chanzo cha malalamiko ya "nimebadilisha jana, leo imelegea". Nenda na ya zamani mfukoni na, ukiweza, kipimo cha vernia. Pini zikae kinyume: krenki zikiwa usawa wa ardhi, nati moja itazame juu na nyingine chini, la sivyo pedeli hazitanyooka. Pini ikiingia kidogo mno, piga tupa taratibu kwenye uso wake bapa, ukilinda mteremko wake. Igongee kwa nyundo juu ya lile bomba, nati uikaze mwishoni tu. Kazi ya nati ni kuishikilia pini. Ukiivutia pini kwa nati, thredi zinakatika. Baada ya kilomita 20 au 30 za barabara ya vumbi, gonga tena mara moja na ukaze nati.

SWALI: Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, krenki za aluminiamu, ekseli ya pembe nne. Ya kushoto inalegea kila wiki. (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Umeshaiendesha ikiwa imelegea, na chuma kimelila tundu la aluminiamu. Kuchomeka kipande cha kopo kujaza nafasi hakusaidii. Badilisha mkono huo wa krenki. Kabla ya kufunga kivutio cha krenki, kifaa cha kuing'olea kwenye ekseli, toa bolti pamoja na washa yake. Washa ikibaki, kivutio hukamata thredi mbili tatu tu na kuzing'oa. Mkono mpya ukaze kwa nyutoni mita 35 hadi 40: spana ya sentimita 20, nguvu ya takriban kilo 20 kwenye ncha.

SWALI: Naweza kuweka beringi za kisasa za kufungwa pamoja kwenye Raleigh ya zamani? (Msomaji, Tengeru)

JIBU: Pima thredi kwanza. Weka rula kwenye kikombe ulichotoa, uhesabu ndani ya inchi 1. Ukipata 24, zitaingia. Raleigh nyingi za zamani zina 26, na ukilazimisha utaharibu fremu. Hapo baki na vikombe vyako vya asili, utafute ekseli ya pembe nne ya gololi huru yenye urefu unaolingana.