Swali la Lugha: Biashara ya watumwa au ya utumwa?

SWALI: Wanafunzi wangu wengi huandika "biashara ya utumwa", ilhali kitabu kinasema "biashara ya watumwa". Mmoja kaandika: "Biashara ya utumwa ilikomeshwa Zanzibar mwaka 1873, watumwa wote wakawa huru." Nisahihishe nini? – Mwalimu wa sekondari, Gulu

JIBU: Mwalimu, shika "biashara ya watumwa". Baada ya "biashara ya" hutajwa kile kinachouzwa: biashara ya nguo, ya chumvi, ya pembe. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda kwa Kabaka Suuna II miaka ya 1840 walileta nguo na shanga, wakataka pembe za ndovu na watu. Utumwa hauuzwi; ni hali anayotiwa mtu. Inauma kumtaja binadamu mahali pa pembe, lakini ndivyo alivyotendewa, na sarufi isimfichie muuzaji.

"Biashara ya utumwa" imezoeleka mno, na anayeisema anaeleweka. Katika maongezi tu nisingemsumbua mtu. Kwenye historia ndiko inakopotosha, kama ilivyompotosha mwanafunzi wako. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Hiyo ni biashara. Mchuma karafuu wa Pemba aliamka kesho yake akiwa bado mali ya bwana wake. Utumwa wenyewe, yaani ile hali, sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, huku bwana akiruhusiwa kudai fidia!

Tena, kwa kuwa mko Gulu, wasije wakaandika kwamba watu waliokusanywa Patiko, hapo karibu na Gulu kaskazini mwa Uganda, walipelekwa Zanzibar. Misafara ya huko ilielekea kaskazini, njia ya Nile na Khartoum, na ndiyo Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na mtawala wa Misri, aliyokuja kuizuia alipoweka ngome Patiko mwaka 1872. Wanapoandika habari za waliokamatwa vijijini, wafundishe pia neno "mateka": mtu huyo alikuwa mkulima au mama wa watoto kabla hajapata mnunuzi.

Sentensi ya mwanafunzi iwe hivi: "Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897."